Korongo la Gucha na Baba yake Kemunto

Mpango wenu nimeusoma mara mbili, na mara zote mbili nimecheka. Msikasirike, wajukuu zangu. Hati ni safi, na ramani mmeichora vizuri kuliko tulivyochora sisi. Lakini mmeandika kwamba mtaingia korongoni saa tatu asubuhi, mle chakula cha mchana juu ya mwamba, mpige picha, kisha "mtaangalia" namna ya kutoka. Mtaangalia? Nani amewaambia korongo la Gucha lina mlango wa nyuma?

Mimi nilikuwa mpima mito. Miaka ile ya sitini na sabini serikali ilikuwa na watu wa kusoma mbao za maji, nami nilikuwa mmoja wao tangu nikiwa kijana mwembamba wa Ikonge asiyejua kuogelea. Ubao wa maji umepigiliwa kwenye nguzo mtoni na una namba kama rula ya shule. Unasoma maji yamefika wapi, unaandika kwenye daftari, unakwenda zako. Penye daraja ni kazi ya dakika tano. Lakini mbao tatu zilikuwa ndani ya korongo, upande wa Nyamarambe, pale mto unapojipenyeza kati ya kuta za mawe na hakuna boma wala njia ya ng'ombe. Hizo, kila mwaka kabla mvua kubwa hazijaanza, ilibidi tuziendee kwa miguu: kuingia asubuhi kwenye daraja la juu, kuzisoma, kuzipaka rangi upya, na kutokea daraja la chini siku hiyo hiyo.

Aliyenifundisha ni Bwana Wafula, mkubwa wetu wa ofisi ya Kisii, mtu wa Bungoma mwenye tumbo na subira. Tulisema naye Kiswahili kwa sababu Kigusii kilimshinda, na mwenyewe alikiri. Siku aliponikabidhi safari ya korongo niisimamie mwenyewe kwa mara ya kwanza, alinivutia kiti.

"Mokaya, safari yako inaanzia wapi?"

"Darajani, mkubwa. Asubuhi na mapema."

"Umeanza kukosea. Anza na kitanda utakacholalia jioni. Kutoka kitandani rudi nyuma, saa kwa saa, mpaka ufike darajani."

Nikaketi na kalamu. Mvua ya kwetu mnaijua: asubuhi jua, watu wanaanika nguo, saa tisa mchana mbingu zinafunguka. Basi saa nane lazima miguu iwe nje ya korongo. Ndani ni mwendo wa saa saba, kwa sababu mto unavukwa mara nne, na kuvuka si kutembea. Ongeza saa moja ya mguu kuteguka au mtu kuumwa tumbo. Ukihesabu kurudi nyuma unafika saa kumi na mbili asubuhi, kukiwa bado na ukungu. Ninyi mnataka kuingia saa tatu. Saa tatu sisi tulikuwa tumeshavuka mara moja na tumekula.

Na tulikula nini? Hapo kwenye orodha yenu mmejaza biskuti. Biskuti ni tamu, lakini ikiloa ni uji. Sisi tulibeba ugali wa wimbi umefungwa kwenye jani la mgomba. Huo hata ukidondoka mtoni unaufuata, unauokota, unakula. Kila mtu alikuwa na fimbo ndefu kumzidi kichwa. Kamba ilikuwa ya mkonge, mpya, na haikufungwa kiunoni hata siku moja, kwa sababu kamba ya kiunoni ikinasa kwenye jiwe inakuzamisha. Inashikwa kwa mkono. Miguuni tulivaa akala, viatu vya tairi, tukavizungushia kamba ya mkonge ili visiteleze kwenye mawe. Na mahali pa kuvukia usichague penye maji yaliyonyamaza. Pale pamenyamaza kwa sababu ni pa kina. Vuka palipo papana, penye kelele.

Yote hayo niliyaandika. Bwana Wafula akasoma, akatia sahihi, akasema hajapata kuona mpango safi namna ile. Nilitembea mjini Kisii jioni hiyo kifua mbele. Kumbe nilikuwa nimefanya kosa ambalo Bwana Wafula, kwa kuwa si wa kwetu, asingeweza kuliona, na mimi Mgusii halisi sikuwa na sababu ya kutoliona. Kiongozi wetu wa njia wa siku zote alivimba mguu, naibu wa chifu wa kule akaahidi kututafutia mzee mwingine, na mimi nikaandika hivi: "Kiongozi wa njia, mmoja." Sikuuliza jina. Sikuuliza ni wa ukoo gani wala ana watoto gani.

Sasa lazima niwaambie habari ya Kemunto, ninyi mnaomjua kama bibi yenu mwenye fimbo. Wakati huo alikuwa mwalimu huko Nyamache. Nilimwona mara ya kwanza siku ya soko, Landrova yetu imezama kwenye matope, nami nimetoka kuisukuma nikiwa na kiatu kimoja. Alicheka mpaka akaweka kikapu chini. Mwaka ulipokwisha, baba zangu wadogo walikuwa wamekwenda kwa baba yake kuniposea mara mbili. Mara zote mbili walikula wakashiba, na mara zote mbili hawakupewa jibu. Mzee yule alikuwa mzee wa kanisa la Sabato, na mimi ni Mkatoliki, niliyebatizwa mchanga kwa kikombe cha maji kwenye paji la uso. "Sijakataa," aliwaambia. "Lakini sijasema ndiyo." Walipaswa kwenda mara ya tatu wiki iliyofuata safari ya korongo, na walikwisha kuniambia kwamba mara ya nne hawaendi. Kwa hiyo nilikuwa mtu wa kungoja jibu, na usingizi nilikuwa naupata kidogo kidogo.

Ijumaa ya safari, saa kumi na mbili kasorobo, tukafika darajani mimi na Otiso. Otiso alikuwa mwenzangu wa kazi, fundi wa kupaka mbao rangi, na fundi mkubwa zaidi wa mizaha isiyosemeka mbele ya watu wazima. Mzee tuliyetafutiwa alikuwa amekwisha kufika. Alisimama na fimbo, kofia mkononi, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingoni. Nilimjua kabla hajafungua mdomo, maana niliwahi kuonyeshwa kwa mbali sokoni.

"Naitwa Yobu," akasema. "Nilipokuwa kijana nilitega samaki humo ndani. Na wewe?"

"Mokaya, mzee. Mtu wa maji."

"Mokaya wa wapi?"

"Ikonge."

Alinitazama kwa muda ambao mngeweza kufunga na kufungua kamba ya kiatu. "Ikonge ni mbali," akasema.

Nikamkaribisha chai ya themosi ili nipate cha kufanya na mikono. Akakataa kwa upole. "Chai na kahawa tunapanda," akasema. "Hatunywi." Msabato wa zamani hanywi chai, na mimi nilijua hilo tangu utotoni, lakini siku hiyo akili yangu ilikuwa imekwenda kwao Kemunto na kuniacha pale darajani.

Ninyi mmezaliwa mjini, chinsoni mnaisikia tu kwenye harusi. Ni heshima ya Mgusii kati ya mtu na wakwe zake, kati ya baba na mwana. Mkwe hapewi mkono. Mkwe haguswi. Maneno ya chumbani hayatajwi akiwapo. Na kumwona mkwe bila nguo, hilo hata kulisema nalisema nikiwa nimeangalia pembeni. Sasa mto ule unavukwa mara nne, maji yanafika kifuani, na watu wanavua nguo zote, wanazifunga kichwani, wanashikana mikono ili mkondo usiwachukue. Mtaniuliza kwa nini tusivuke na nguo. Jaribuni. Kaptura ya kaki ikilowa inakukwaruza mapajani, na baada ya saa moja unatembea kama bata. Pia inavuta maji, na maji yanakuvuta wewe.

Tulipofika kivuko cha kwanza nikamvuta Otiso nyuma ya jiwe.

"Yule ni baba yake Kemunto."

Otiso akakaa chini polepole, akafunika uso kwa mikono, mabega yakawa yanatikisika. Nilidhani ananihurumia. Alikuwa anacheka.

"Ukitoa mzaha mmoja leo," nikamwambia, "mmoja tu, nitakuacha humu."

Nikarudi kwa mzee. Nikamwambia, huku nikitazama fimbo yake, kwamba kwa usalama ni heri tuvuke wawili wawili. Yeye atangulie na Otiso. Mimi nitabaki kulinda mizigo. Akasema sawa. Nikageuka, nikaukabili ukuta wa mwamba, nikausoma kana kwamba ni gazeti. Walipofika ng'ambo, mzee akaenda nyuma ya kichaka kuvaa, Otiso akarudi kunichukua, tukavuka. Kivuko cha dakika kumi kikachukua nusu saa.

Tukasoma ubao wa kwanza, tukaupaka rangi. Mzee Yobu alijua kila jiwe. Alituonyesha pa kukanyaga na pa kutokanyaga, na alinifundisha jambo ambalo halikuwa kwenye kitabu chochote cha idara: ukifika kwenye maji, weka kijiwe pale pale maji yanapokoma. Fanya kazi yako, kisha rudi ukitazame. Kikiwa kikavu, endelea. Kikiwa kimemezwa, mvua imenyesha juu huko ambako huioni, ingawa kichwani kwako jua linawaka. Nimelitumia jambo hilo miaka yote ya kazi yangu, na ninyi liandikeni kwenye mpango wenu mahali pa biskuti.

Kivuko cha pili, hivyo hivyo. Mimi na mwamba wangu. Cha tatu, hivyo hivyo. Otiso alikuwa anavuka mara tatu kila tulipovuka mara moja, meno yanagongana.

"Mimi leo nimekuwa pantoni," akaninong'oneza. "Kemunto akizaa wa kwanza, ataitwa Otiso."

Nilikuwa nimefurahi, siwafichi. Nilikuwa nimelowa, nina njaa, nimechelewa, lakini mzee alikuwa ananieleza samaki wanavyolala chini ya mawe, ananiita jina langu, na mimi sijafanya la aibu hata moja. Nilijiona kama nimekwisha kupewa jibu. Saa ndiyo niliyosahau kuitazama. Tulipomaliza ubao wa tatu ilikuwa saa nane na nusu, na hapo ndipo tulipopaswa kuwa juu barabarani, tunavaa mashati makavu. Vivuko vitatu vilikuwa vimetula saa nzima zaidi, na ile saa ya akiba ya Bwana Wafula ilikwisha kwenye rangi na hadithi za samaki.

Kivuko cha nne ndicho cha mwisho. Baada yake kuna njia ya mbuzi inayopanda kwenda daraja la chini, na umetoka. Nikaweka kijiwe. Otiso na mzee wakavuka, mimi nikatazama ukuta. Kwa mbali, upande wa Nyamira, ngurumo ikapita. Nilipogeuka, kijiwe hakikuwapo. Maji yalikuwa mekundu, yanabeba majani.

Ng'ambo Otiso alikuwa amekaa juu ya jiwe, ameshika paja kwa mikono miwili. Msuli umemkaza. Alijaribu kusimama akaanguka.

"Ngoja," akapaza sauti. "Ngoja kidogo nije."

Kungoja ndiko kulikokuwa hakuna. Mzee yuko nyuma ya jiwe anavaa. Kumwita, aje anishike mkono mimi nikiwa uchi? Nilijiambia, bora nife nikiwa mkwe mwema. Msicheke, ndivyo nilivyowaza, kwa maneno hayo hayo. Nikafunga nguo na daftari kichwani, nikashika fimbo, nikaingia peke yangu, jambo ambalo mpango wangu mwenyewe ulimkataza kwa herufi kubwa mtu asiyejua kuogelea.

Hatua ya sita fimbo haikupata chini. Mto ukaniinua kama mtu anavyoinua mtoto, ukanigeuza, ukaniweka chini ya maji. Nilifungua macho nikaona wekundu tupu. Nikamkumbuka Kemunto, na la pili nikakumbuka daftari. Kisha mkono ukanikamata juu ya kiwiko, mkono mgumu wa mtu wa jembe, ukavuta mara moja, mara mbili, na kichwa changu kikatoka hewani. Alinikokota mpaka kwenye jiwe, akanilaza kifudifudi, akanipiga mgongoni nikatapika nusu ya Gucha.

Nikajua ni nani. Nikajua pia kwamba hakuwa amemaliza kuvaa, maana nilichoona kabla ya kufumba macho hakikuwa shati. Nikabaki nimefumba macho kwa nguvu zangu zote.

"Nisamehe, mzee," nikasema, maji yakitoka puani. "Nisamehe. Sijaona kitu."

Kisha nikasikia sauti ambayo sikuitegemea. Mzee wa kanisa alikuwa anacheka.

"Mokaya, ng'ombe wako wamefika kwangu?"

"Bado, mzee."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

"Basi mimi ni mkwe wako kwa njia gani? Mimi ni mzee niliyeombwa na serikali nikuonyeshe njia. Fungua macho, uvae suruali. Mvua inakuja."

Otiso akasahau mguu wake. "Mzee, kumbe ulijua tangu asubuhi?"

"Tangu aliposema Ikonge."

"Na ukaniacha nivuke huu mto mara kumi?"

"Nilitaka kumwona," akasema mzee, akifunga vifungo mpaka kile cha shingoni. "Baba zake wadogo wanakuja kwangu, wanakula vizuri sana. Kwa kula utamjua mtu? Leo nimemwona akigeuka mara nne, na hakuna aliyemwambia ageuke. Lakini ile ya mwisho ilikuwa ujinga. Mtu akiwa anakufa maji anaita. Umesikia? Anaita."

"Nimesikia, mzee."

Lisikieni na ninyi. Tulipanda ile njia ya mbuzi tukimshika Otiso huku na huku, mimi bega moja na mzee bega la pili, na mvua ikatukuta juu kabisa. Daftari lilikuwa limepona, ndani ya furushi la nguo zangu lililonasa kwenye matete. Mzee akatuaga haraka, maana Ijumaa jua halipaswi kuzama kabla Msabato hajaoga na kukaa kwake. Alikwenda mbio katika mvua ile, kofia mkononi, nami nikabaki barabarani nikimtazama, nimefurahi na nina hofu kwa pamoja, sijui kipi kilizidi.

Jumatatu Bwana Wafula akasoma ripoti yangu. Akaweka kidole. "Vivuko vyote vimechukua mara tatu ya muda. Kwa nini?" Nilikuwa nimeandika: sababu za kifamilia. Alinitazama juu ya miwani, nikamweleza yote, na tumbo lake likacheka kabla yake. Tangu siku hiyo fomu yetu ya safari za mtoni ikawa na mstari mmoja zaidi, ameuandika kwa mkono wake: nani anakwenda na nani, na wana uhusiano gani. Mpango wenu una nusu ukurasa wa vyakula, na majina ya watu hayamo. Ingieni saa kumi na mbili, na yaandikeni majina.

Baba zangu wadogo wakaenda mara ya tatu. Wakala. Kisha mmoja wa wazee wa kanisa aliyekuwa ameketi na Mzee Yobu akaleta lile neno tulilokuwa tukiliogopa, kwamba kijana ni Mkatoliki, hajazamishwa kwenye maji mengi kama inavyotakiwa. Mzee Yobu akamwambia, "Huyo amezama mwili mzima, nimemwona. Na aliyemtoa ni mimi. Mnataka maji gani mengine?" Wakacheka wote, na jibu likatoka. Baba mdogo aliniletea habari hiyo ofisini. Nilifurahi hata nikamkumbatia Otiso, aliyekuwa na brashi ya rangi mkononi, na shati langu likaishia siku hiyo.

Ng'ombe wakapelekwa. Wakakaguliwa, wakahesabiwa, wakaingizwa zizini. Ndipo nikaitwa na mimi, nimevaa koti la kuazima, nikaingia uani kwake kwa mara ya kwanza. Mzee Yobu alikuwa amesimama mlangoni. Nilipomwona nikaona ule mto, nikaona lile jiwe, nikasahau kila nilichofundishwa, nikamwendea mbio na mkono nimeunyoosha.

Akarudisha mikono yake nyuma ya mgongo. Macho yalikuwa yamejaa machozi, na alikuwa anatabasamu.

"Simama hapo hapo," akasema. "Sasa wewe ni mkwe wangu."

Nikasimama hapo hapo, hatua tatu kutoka kwake, na kwa miaka yote aliyoishi hatukugusana tena.